Kibodi ya Boksi la Sabuni

Wenzangu mnaobaki kazini mmenitaka niwaandikie jinsi kompyuta zilivyoingia katika shule za msingi za huku kwetu Mbulu. Nadhani mmetaka hivyo kwa sababu vishikwambi vimeshawafikia mikononi, nanyi mngependa kujua kama waliowatangulia waliogopa kama mnavyoogopa. Tuliogopa. Lakini historia nzima sitawapa, maana sehemu yake kubwa ni ya kusubiri, na kusubiri hakuandikiki vizuri. Nitawapa kitu kimoja. Juu ya meza ninayoandikia kuna kipande cha boksi la sabuni ya miche, upana wake shibiri moja, urefu wake mbili na nusu, kimechorwa vitufe kwa wino mweusi. Siku niliyokabidhi ofisi, mwalimu aliyeshika nafasi yangu alikikuta nyuma ya kabati, akaniuliza kwa adabu kama kitupwe pamoja na karatasi nyingine. Nilikataa, nikakibeba kwapani mbele ya wageni wote. Haya ninayoandika ni jibu ambalo siku ile sikumpa.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyote viwili vilichelewa, kama ilivyo desturi yake.

Nilianza kazi Basotu, upande wa ziwani, wakati matrekta ya mashamba makubwa ya ngano yalikuwa bado yakinguruma hadi darasani. Nilikuwa nimetoka seminari ndogo bila upadri, nikiwa na Kilatini cha miaka minne. Nilisimama mbele ya darasa la kwanza lenye watoto wa Kiiraqw na wa Kidatoga, nikatambua siku hiyo hiyo kwamba kwao Kiswahili ndicho kilichokuwa Kilatini. Mwalimu mkuu wangu wa kwanza alinipokea kwa betri sita za redio zilizokwisha, jiwe la kusagia na fungu la majani ya viazi. Sikuelewa. Akapasua betri, akatoa ule mkaa wa ndani, akausaga, akauchanganya na majani, tukaupaka ubao uliokuwa umekwisha kuwa wa kijivu. Kufikia saa nne ulikuwa mweusi, na chaki ikashika. Aliniambia neno moja tu: zana ni kile ulicho nacho, si kile ulichoahidiwa. Nililiandika kwenye daftari langu la maandalio ya somo. Ningelisoma tena baadaye, ningekuwa mtu mwingine.

Kisha soko huria likafunguliwa. Kwetu sisi walimu maana yake ilikuwa kwamba matrekta ya ngano yalianza kunyamaza, nguo za mitumba zikajaa mnadani, na watu wa ofisini waliokuwa na kazi za kudumu wakaambiwa kwamba hakuna cha kudumu. Mmoja wa waliopunguzwa kazini alikuwa Mama Zuhura, mpiga chapa wa mjini Mbulu. Watu wa kwao walifika zamani kutoka Kondoa na Singida na biashara ya chumvi na vitambaa, wakabaki. Alipoondoka ofisini aliruhusiwa kuichukua mashine aliyoitumia miaka yote, akaiweka kwenye kibaraza cha duka la kaka yake, akawa anaandikia watu barua, mikataba ya mashamba, na mitihani ya shule.

Mimi nilikuwa nimehamishiwa upande wa Mbulu, na mitihani ya shule yangu ndiyo iliyonipeleka kibarazani kwake. Nilipeleka mara tatu. Mara ya nne alinitazama juu ya miwani.

“Mwalimu, kila muhula nakuandikia mimi. Siku nikifa watoto hawafanyi mtihani?”

“Mungu atakuweka, mama.”

“Aniweke, lakini wewe kaa hapa.”

Nilikaa. Akanionyesha mahali pa kuweka kila kidole, kisha akachukua khanga yake, akaitandika juu ya mikono yangu na mashine yote kwa pamoja.

“Andika.”

“Sioni kitu, mama.”

“Ndiyo maana yake. Mpiga chapa anayetazama vidole ni kama dereva anayetazama matairi.”

Nilikwenda kwake kila Jumamosi kwa miezi mingi. Watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni walisimama kumtazama mwalimu mzima akipapasa chini ya khanga ya mwanamke, na walitoa maoni ambayo sitayaandika. Ni yeye aliyenisimulia kwamba chuoni kwao mashine zilikuwa chache, hivyo walijifunza miezi mitatu juu ya kibao kilichochorwa vitufe kabla ya kugusa chuma. “Tulipofikishwa kwenye mashine,” alisema, “vidole vilikuwa vimeshafika zamani.” Nililiandika na hilo.

Mkoa wetu wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja katika kata ya Bashay. Miaka michache baadaye marafiki wa parokia, watu wa ng'ambo, walituletea kompyuta zilizokwisha kutumika kwao. Zilikuja sita, kila moja na kibodi yake. Tulipozijaribu kwa jenereta ya parokia, zikawaka nne. Mbili zilizokataa tuliziweka stoo, na kibodi zake mbili nikazirudisha katika mifuko yake ya nailoni, nikazifunga kwa mpira, nikaziweka rafu ya juu humo stoo, ambako panya hawafiki. Naomba mzikumbuke kibodi hizo mbili, maana mimi nilizisahau.

Umeme haukuwapo. Sola ilikuwa njiani, na njia ilikuwa ndefu. Wakati tukiisubiri, mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Tluway, aliitisha kikao akasema kwamba vumbi la kiangazi litaziua mashine kabla hazijaishi. Akina mama wakalichukua hilo kwa uzito. Huku kwetu redio huvikwa kitambaa kilichofumwa kwa uzi. Kompyuta zingeachwaje uchi? Ndani ya wiki mbili zote nne zilikuwa zimevishwa vitambaa vyenye pindo za maua. Kimoja kilifumwa maneno KARIBU MGENI kwa uzi mwekundu, na kwa miezi minane hakuna mgeni aliyekaribishwa hapo.

Ndipo nilipokumbuka kibao cha Mama Zuhura. Nilikusanya maboksi ya sabuni kutoka maduka ya Dongobesh, nikayakata, nikachora kwa rula kibodi moja kwa kila mwanafunzi wa darasa la tano, nikipima kila kitufe kutoka kwenye kibodi halisi ili vidole visidanganywe. Asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, darasa zima lilikaa barazani, maboksi magotini, khanga na mashuka ya mama zao juu ya mikono, nami nikisoma sentensi polepole. Ukipita kwa mbali ungesikia mlio kama wa mvua inayoanza kwenye bati, kisha inaghairi.

Niliweka kanuni mbili. Ya kwanza: hakuna atakayegusa mashine kabla vidole vyake havijaandika ukurasa mzima bila kutazama. Ya pili ilihusu kile kitufe kikubwa cha upande wa kulia, kile cha kushuka mstari, ambacho wote mnakiita enta. Nilikijaza chote wino mweusi nikawakataza kukibonyeza. Sababu yangu ilikuwa ya kimantiki, nami nilijivunia: juu ya boksi hakuna mstari, kwa hiyo hakuna pa kushuka, na mtoto anayejifanya kushuka anajizoeza uongo. Kitufe hicho, niliwaambia, tutakibonyeza siku ya mashine.

Mkono mmoja ukanyooka. Ulikuwa wa Emiliana Bura, msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, asiyeweza kunyamaza kwa muda wa Baba Yetu moja.

“Mwalimu, hatubonyezi kabisa?”

“Kabisa.”

“Basi mimi mstari wangu utakuwa mrefu sana.”

Darasa lilicheka, na mimi nikageukia ubao ili nisionekane nikicheka. Alikuwa wa kwanza kumaliza ukurasa bila kutazama. Alikuwa pia wa kwanza kugundua kwamba kwenye mchoro wa Safari, mwanafunzi aliyekaa karibu naye, nilikuwa nimesahau herufi moja, akamtangazia kwamba yeye hataweza kamwe kuandika jina la baba yake. Nikaichora.

Katika msimu wa palizi baba yake alianguka kutoka juu ya mti akirina asali, akafa pale pale. Bura alikuwa mkulima mtulivu, mwenye ng'ombe wanne na mizinga mingi. Padre alimzika vizuri. Lakini kuna vifo ambavyo wazee wetu wa Kiiraqw hawavimalizi kwa mazishi, na kifo cha namna ile ni kimojawapo. Nyumba inakuwa katika mwiko, hali wanayoiita metimani. Wenye nyumba hawaendi mnadani. Maji wanachota baada ya wengine wote. Jembe lao haliazimwi, wala la jirani haliingii kwao, kwa sababu huaminiwa kwamba ule msiba hupita kwenye kitu kilichoshikwa na mikono ya watu wawili. Muda huhesabiwa kwa miezi, na wanaouhesabu ni wazee. Kanisa halikuukubali mwiko huo, na serikali ilikwisha kuukataza. Nyumba nyingi zilikuwa zimeuacha. Kijiji chetu kilikuwa kimeuacha siku za kawaida tu.

Emiliana hakuja shule. Nilikuwa na uwezo wa kisheria wa kumdai. Sikumdai. Nilijiambia kwamba kumvuta kwa nguvu kungemfanya atazamwe kama ugonjwa, na huenda hilo lilikuwa kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nimelelewa katika kijiji hicho, na miguu yangu ilijua mahali pa kusimama. Ijumaa ya kwanza nilikwenda kwao na boksi lake. Nilisimama nje ya ua wa minyaa. Mama yake alitoka hadi nusu ya uwanja.

“Shikamoo, mwalimu.”

Alikuwa mdogo wangu kwa miaka michache tu. “Marahaba, Mama Emiliana. Poleni sana. Nimemletea mtoto kibodi yake.”

“Weka hapo kwenye jiwe, mwalimu.”

Niliweka kwenye jiwe, nikarudi nyuma hatua, akaja akachukua. Nimefundisha kwa miaka karibu arobaini kwamba imani hizi hazina msingi. Sikumpa mkononi.

Tatizo lililofuata lilikuwa la kitaalamu. Daftari la Emiliana lisingeweza kutoka, basi ningesahihishaje? Yeye mwenyewe ndiye aliyepata jibu. Kila Ijumaa baada ya vipindi nilisimama nje ya ua na kitabu, nikamsomea sentensi. Yeye alikaa ndani, kwenye gogo karibu na zizi, boksi magotini, kitenge cha mama yake juu ya mikono, akaandika huku akitaja kila herufi kwa sauti. Nilisahihisha kwa masikio. Baada ya Ijumaa chache niliweza kusikia alipopapasa, kwa sababu sauti ilichelewa kidogo.

“Umetazama,” nilimwambia siku moja.

“Sijatazama!”

“Umetazama, nimesikia.”

“Mwalimu anasikia macho,” alimwambia mama yake, na yule mama, aliyekuwa akipura maharage, alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Alijifunika mdomo mara moja, kama aliyevunja kitu.

Ijumaa nyingine Emiliana aliniuliza kama wenzake wamekwisha kugusa mashine. Nilimwambia bado, sola haijafika.

“Basi sijachelewa.”

“Hujachelewa. Na siku ya mashine, enta ya kwanza utabonyeza wewe.”

Hakujibu, na kwake kutojibu kulikuwa jambo kubwa. Alishuka kwenye gogo, akaja hadi karibu na ua, karibu kuliko alivyoruhusiwa. “Kweli, mwalimu?” Nilisema kweli.

Sola ilifika baada ya mavuno. Fundi kutoka Katesh alikaa siku tatu juu ya paa, akala kuku wawili wa shule, na jioni ya siku ya tatu taa ikawaka ndani ya chumba. Tarehe ya ufunguzi ikapangwa, mgeni rasmi akaalikwa kutoka wilayani, na kwa furaha niliyokuwa nayo nilikwenda Ijumaa hiyo kumwambia Emiliana siku yenyewe. Sikuwauliza wazee hesabu yao imefikia wapi. Mimi niliyepima vitufe kwa milimita sikuuliza swali hilo moja.

Hesabu yao ilikuwa imebakiza mwezi.

Siku ya ufunguzi alikuja mapema kuliko wote. Sare yake ilikuwa imefuliwa hadi rangi ikapungua, miguu imepakwa mafuta, na boksi lilikuwa kifuani. Alisimama nje ya mlango wa chumba cha kompyuta, hakuingia. Wazazi walipoanza kufika walimwona, wakasimama upande wa pili wa uwanja, watoto wao wamewashika mikono. Hakuna aliyemtukana. Wachache walimsalimia kwa mbali na kumwuliza hali ya mama. Kisha Mzee Tluway akaja kwangu.

“Mwalimu, yule mtoto.”

“Ni mwanafunzi wangu, mzee.”

“Ni mtoto wetu sisi wote. Babu yake alinishika mkono nikiwa mdogo. Ila mwezi mmoja bado.” Alisema kwa huzuni ya kweli, sitaki mumchukie. “Angekuja na daftari lake, ningewaambia hawa wanyamaze. Daftari ni la mtu mmoja. Lakini ile mashine ni kama kibuyu cha pombe, mwalimu. Wote wanaweka mdomo pale pale. Wazazi wamesema akigusa, wa kwao hawagusi. Leo wala kesho.”

“Mzee, wewe unaamini hayo?”

“Mimi nimebatizwa,” alijibu. “Wao pia wamebatizwa. Watoto wao ni mia tatu.”

Nilitazama barabara. Gari la wilaya lilikuwa limekwisha kuonekana kwenye mteremko, na vumbi lake nyuma. Nilifikiri juu ya miezi minane ya maboksi, juu ya chumba kitakachofunguliwa bila watoto, juu ya maneno ambayo mgeni angeyapeleka wilayani na ng'ambo. Nilidhani ninapima jambo gumu kwa haki. Nilikwenda mlangoni.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema Emiliana. “Nimekuja.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuona. Sikiliza. Utasubiri kidogo. Mwezi mmoja tu, kisha utakuja kama wengine.”

“Nimeshasubiri, mwalimu.”

“Najua.”

Alitazama ndani. Vitambaa vilikuwa vimeondolewa na skrini zote nne zilikuwa zinawaka. Akasema kwa sauti ndogo, haraka, kama mtu anayejua kwamba bei ikiwa ndogo mno haikataliwi:

“Basi moja tu. Ile ya kushuka mstari. Nibonyeze moja, niende.”

Nilisema hapana.

Aliinama kidogo, adabu ambayo mama yake alimfundisha, akageuka. Alipita katikati ya uwanja na watu wakampisha njia pana kuliko mtoto anavyohitaji. Mgeni rasmi aliingia, akahutubia, kisha akaombwa kuizindua mashine ya kwanza. Alibonyeza enta kwa kidole kimoja cha shahada, akiitazama sana, na makofi yakapigwa.

Wiki iliyofuata nilikuwa mjini Mbulu kwa shughuli za ofisi, nikapita kibarazani kwa Mama Zuhura. Nilimsimulia yote, kama anavyosimulia mtu anayetaka kuambiwa kwamba hakuwa na njia nyingine. Alisikiliza bila kuacha kukunja karatasi zake.

“Kompyuta zilikuja ngapi?” aliuliza.

“Sita. Nne zinafanya kazi.”

“Na kibodi?”

“Sita.” Nilisikia jibu langu mwenyewe.

“Kwa hiyo mbili zimekaa,” alisema. “Mtoto ungempa moja iwe yake peke yake. Akimaliza, unaichomoa, anaifunika kwa kitambaa chake, unachomeka ya wenzake. Kwani waya haichomoki?”

Alinitazama juu ya ile miwani, safari hii bila utani.

“Mwalimu wangu,” alisema, “wewe umesoma sana.”

Siku hiyo hiyo nilirudi shuleni, nikapanda juu ya kiti, nikashusha mfuko mmoja wa nailoni kutoka rafu ya juu. Mpira wangu ulikuwa bado umeubana. Nilikwenda nao moja kwa moja hadi kwenye ua wa minyaa, na safari hii niliingia ndani hadi mlangoni. Ulikuwa umefungwa kwa kipande cha waya. Zizi lilikuwa tupu. Jirani aliniambia kwamba mama na binti walikwenda Basotu kwa mjomba wa mtoto, siku ya tatu baada ya sherehe. “Alisema kule hakuna wa kuwahesabia miezi,” jirani alisema.

Likizo ilipofika nilikwenda Basotu, nikiwa na kibodi ndani ya mfuko na barua ya uhamisho wa shule. Nilimkuta Emiliana kandokando ya ziwa akipasua perege kwa kisu kifupi, mbele ya chanja cha kukaushia, pamoja na wanawake wawili. Alinawa mikono kabla ya kunisalimia. Alikuwa amerefuka, au labda ni kwamba sasa alisimama kimya. Nilimpa barua, akaipokea kwa mikono miwili. Kisha nikatoa kibodi, nikamweleza jinsi ilivyokuwa imekaa stoo wakati wote ule, jinsi ambavyo ingeweza kuwa yake, jinsi nilivyokosea. Nilieleza kwa utaratibu, kama nilivyozoea.

Aliishika. Akaweka vidole mahali pake bila kutazama, vyote vinane, sawasawa. Vitufe vilishuka na kupanda.

“Vinaingia ndani,” alisema.

“Ndiyo.”

“Huku kuna mashine ya kuchomeka, mwalimu?”

“Hakuna.”

Alifikiri. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa rahisi kwangu. “Basi hii na ile ya boksi,” aliuliza, “tofauti yake nini?”

Alinirudishia, akaifuta kwanza kwa pindo la khanga kwa sababu mkono wake ulikuwa umeacha gamba la samaki. Kisha akakimbia hadi nyumba ya mjomba, akarudi na boksi. “Mama alisema vitu vya shule virudishwe,” alisema. “Miezi imekwisha, kwa hiyo unaweza kushika.” Alinipa mkononi.

Barua ya uhamisho haikutosha. Mjomba alisema mwakani, na mwakani alisema chanja kinahitaji mikono. Niliandika barua nyingine mbili, nikaenda tena mara moja, kisha nikawa na shule yangu na kata yangu na mitihani yangu. Hakumaliza darasa la saba. Yuko hai, anauza samaki wa kukaushwa mnadani Katesh, ana watoto, na tulipokutana mwaka juzi aliniamkia shikamoo mbele ya wateja wake wote, akaniongezea samaki wawili nilipokuwa nikiondoka. Hajawahi kunilaumu. Nimemsubiri sana anilaumu.

Kompyuta zile nne ziliishi miaka minne. Watoto zaidi ya darasa moja walijifunza kuandika kwazo, na wawili kati yao ni walimu hivi leo. Safari ni mmojawapo, naye huenda anasoma haya. Hayo ni matunda na siyakani. Siku ya kukabidhi ofisi, ile kibodi ya pili ilikuwa bado rafu ya juu, na mpira uliokuwa umeifunga ulikatika nilipougusa.

Nanyi mna vishikwambi, ambavyo havina vitufe wala waya wa kuchomoa. Kanuni zake mtaziweka wenyewe na zitakuwa nzuri, kwa maana nyote ni watu makini. Mimi nilikuwa makini. Wakati mtoto amesimama mlangoni, mtazameni yeye kwanza kabla hamjatazama barabara, kisha hesabuni mlivyo navyo stoo.

Kipande cha boksi alichonirudishia Emiliana nitabaki nacho. Pembe zake zimelainika kama kitambaa. Katika mstari wa kati, mahali vidole vinapokaa, herufi zimefutika hadi ukikiinamisha kwenye mwanga unaona mabonde madogo manane. Herufi za juu nazo zimefifia, za chini zimebaki nusunusu, na mahali pa kitufe cha nafasi pamechanika kwa dole gumba. Kitufe kimoja tu, upande wa kulia, bado ni cheusi tititi kama siku niliyokichora, bila hata alama ya ukucha.

Alinitii.